Kidirisha cha "Una uhakika?" kwenye programu ya mauzo: keshia anakubali bila kusoma

kaunta_mbili:
Wakuu, salaam. Programu ya mauzo ya duka inaendeshwa kwenye kivinjari. Keshia akitaka kuondoa bidhaa moja au kufuta mauzo yote, confirm() (kidirisha cha swali kilichomo ndani ya kivinjari) inauliza "Una uhakika?". Mara kwa mara mauzo mazima yanafutika na keshia anasema hakukubali kitu. Skana ya bakodi iko mkononi muda wote. Niweke vidirisha viwili mfululizo, au kitufe chekundu?

kiolesura_safi:
Cha pili usiweke, mkuu. Aliyezoea kukubali bila kusoma atakizoea nacho.

Keshia anasema kweli. Kwa kompyuta, skana ni kibodi: inaandika tarakimu za bakodi, kisha inabonyeza Enter. Kidirisha cha confirm() hufunguka fokasi (mahali kibodi inapofanyia kazi) ikiwa kwenye kitufe cha kukubali, hivyo bidhaa inayofuata ikipita, Enter yake ndiyo inayojibu swali lako.

Achana na confirm(), ambayo hata maandishi ya vitufe huwezi kuyabadilisha. Tumia elementi ya dialog (kidirisha cha HTML unachokiandika mwenyewe) na uifungue kwa amri ya showModal(). Vivinjari vikubwa vyote vinaikubali tangu 2022. Ukurasa wa nyuma haubonyezeki, Esc inakifunga, na kikifungwa fokasi inarudi ilikokuwa. Weka autofocus (alama inayopeleka fokasi hapo kidirisha kikifunguka) kwenye kitufe kisicho na madhara.

Kichwa kitaje kitendo na kitu chenyewe: "Ufute mauzo haya? Bidhaa 14, jumla 86,500". Vitufe viwe "Futa mauzo" na "Endelea kuuza". "Ndiyo" na "Hapana" vinamrudisha mtu kwenye swali ambalo hakulisoma. Na ukifika kwenye oda, usiulize "Ghairi oda?" huku kitufe kimoja kimeandikwa "Ghairi". Hakuna atakayejua kama kinaghairi oda au kinafunga kidirisha.

mtaalamu_kaunta:
Yote sawa, ila fokasi kwenye kitufe salama haitoshi hapa. Enter ya skana itabonyeza "Endelea kuuza", kidirisha kitafungwa, na bidhaa iliyoskaniwa haitaingia kwenye orodha. Keshia kasikia mlio wa skana, anaamini imeingia, na mteja anatoka na kitu ambacho hakijalipiwa. Hilo ni baya kuliko mauzo kufutika, kwa sababu halionekani.

Wengine hubadili mipangilio ya skana itume Tab badala ya Enter. Si dawa: Tab inahamisha fokasi kwenda "Futa mauzo", kisha Enter ya kidole inamaliza kazi.

Sikiliza keydown (tukio la kitufe cha kibodi kubonyezwa) ndani ya kidirisha na upime muda kati ya herufi kwa event.timeStamp (wakati wa kila tukio). Herufi sita au zaidi zikifuatana kwa chini ya takriban milisekunde 50 kila moja, chukulia ni skana. Zuia Enter (au Tab) inayozifuata kwa preventDefault(), toa mlio usiofanana na wa skana, na uandike humo humo: "Jibu swali kwanza. Bidhaa haijaingia." Pima kwa skana mtakayotumia dukani, maana zisizo na waya nyingine ni za polepole.

kiolesura_safi:
Hiyo ya bidhaa kupotea ni muhimu kuliko yote niliyoandika. Niongeze tu kwamba kuondoa bidhaa moja hakuhitaji swali kabisa. Iondoe papo hapo, kisha onyesha ukanda: "Sukari kilo 1 imeondolewa", wenye kitufe "Rudisha". Ukanda usipotee wenyewe. Ubaki hadi mauzo yafungwe. Maswali yakipungua, yale machache yaliyobaki yatasomwa.

kaunta_mbili:
Nimeelewa. Na mauzo yaliyokwisha kutolewa risiti? Halafu kaunta moja ina skrini ya kugusa.

mtaalamu_kaunta:
Yenye risiti hayafutwi. Yabatilishe kwa ingizo jipya lenye sababu, saa na jina la aliyebatilisha, na sababu iwe lazima kuchaguliwa.

Kwa skrini ya kugusa, WCAG 2.2 (mwongozo wa kimataifa wa kurasa zinazotumika na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu) kwenye kiwango chake cha kati, AA, inataka kitufe kisipungue pikseli 24 kwa 24 za CSS, lakini kaunta yenye haraka ipe 48 kwenda juu na utenganishe vitufe viwili hivyo kwa angalau 16. Nyekundu tumia ukipenda, mradi maandishi yanaeleweka hata rangi ikiondolewa. "Futa mauzo" kisitokee pale pale kidole kilipobonyeza kufungua kidirisha, kwani mguso wa pili wa bahati mbaya utakiangukia.