Mnara wa mashujaa kijijini: tuandike majina ya nani?

Ndugu zangu, mkutano mkuu wa kijiji umekaribia na bado hatujaelewana. Kujenga mnara wa wenzetu waliopigana Vita vya Kagera, wengi tumekubali. Tunachogombania ni majina. Kuna wanaotaka waandikwe waliofia vitani tu. Kuna wanaosema mnara wenyewe wa nini, mashujaa wana makaburi yao Kaboya, michango hiyo wapewe wazee waliobaki.

Mimi nasema waandikwe wote waliokwenda, waliofia huko na waliorudi.

Kaboya nimefika, na ni mahali pa heshima. Lakini Kaboya iko Muleba, sisi tuko Missenyi, na waliolala pale ni waliokufa vitani, kutoka kila pembe ya nchi. Baba yangu mdogo hayupo pale. Alikuwa mgambo. Novemba 1978 Amin alipotangaza kuwa ardhi yetu mpaka mto Kagera ni ya Uganda, na daraja la Kyaka likavunjwa, yeye alikuwa ameshamvusha mama yake. Nyerere alikwisha sema: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Akamwacha mama kwa ndugu, akaenda.

Alirudi 1979, sikio la kushoto limekufa kwa mizinga. Watoto tulifundishwa tusimwite kwa upande huo, tuzunguke kwanza atuone. Amezikwa kibanjani, kaburi la udongo. Mwaka juzi kibarua aliyekuja kupalilia alipanda maharage juu yake. Simlaumu, hapakuwa na kitu cha kumwambia kuwa pale amelala mtu.

Wanaosema waliorudi hawakutoa uhai wafikirie jambo moja: siku ya kuondoka hakuna aliyejua nani atarudi. Jeshi peke yake halikutosha, wakaitwa mgambo, JKT, polisi na magereza. Kila aliyepanda lori alikuwa ameshautoa uhai wake. Kurudi kulikuwa ni kudra ya Mungu.

Kuna hofu kwamba watajitokeza wa uongo wakitaka majina ya baba zao. Hofu ya haki. Basi kila jina lithibitishwe mbele ya watu na wazee wawili waliokwenda, maana wao wanajuana kwa vikosi na kwa mahali walipolala njaa. Ila tufanye mwaka huu. Kila msiba wa mzee mmoja tunazika na ushahidi wake.

Hoja ya kuwasaidia walio hai ndiyo inayonigusa zaidi, na siibishii. Yupo mzee hapa anayetembelea fimbo mpaka zahanati, na hakuna anayemkumbuka mpaka ifike 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Lakini tutamsaidiaje kama kijiji bila orodha? Orodha ya mnara ndiyo hiyohiyo ya kuwasamehe michango na kuwapangia vijana wa kuwalimia. Na jiwe tusitafute la fahari. Fundi wa marumaru anatoza kwa herufi, kwa hiyo jina na mwaka vinatosha.

Kwenye jambo moja sijatulia: raia waliouawa kabla hawajawahi kuvuka mto. Hawakubeba bunduki, lakini walikufa kwa vita hiyohiyo. Waingie kwenye jiwe hilo, au wawe na lao kando yake? Wenye wafu wao, naomba mseme kabla ya mkutano.