Kikao cha kwanza cha wanachama wapya wa mdahalo: mnawachezesha nini?

Mlezi wa Klabu
Habarini wadau. Nimekabidhiwa klabu ya mdahalo na wiki ijayo tunapokea wapya. Wa zamani wamezoeana, wana utani wao. Nahofia wapya watajikunyata nyuma kimya. Nataka michezo ya kufurahisha, ila iwe na uhusiano na kuzungumza. Nianze na nini?

Mtunza Muda
Mchezo wa puto. Watu watano wamo kwenye puto linaloshuka, kila mmoja na uhusika wake: daktari, fundi cherehani, hata mwavuli. Kila mmoja ana dakika moja ya kujitetea asitupwe nje, kisha wengine wanapiga kura. Vicheko havikosi.

Msemaji wa Tatu
Puto ni zuri, lakini Mlezi, usianze nalo. Linamtoa mtu kwa kura, na anayetupwa mara nyingi ni yule aliyeingia na woga wake. Subiri wazoeane.

Mimi huanza na wawili wawili, mpya na wa zamani, wote wameketi. Mada iwe nyepesi: kipi bora, kukesha au kudamka? Mmoja anatetea kwa nusu dakika. Mwenzake haruhusiwi kupinga mpaka airudie hoja ile kwa maneno yake, na mwenye hoja aseme, "Naam, ndicho nilichosema." Hapo ndipo raha ilipo! Watu wanagundua walikuwa wakipinga jambo ambalo halikusemwa. Na wanaokwama zaidi ni wa zamani, kwa sababu wamezoea kuandaa jibu mwenzao akiwa bado anaongea. Mpya akimwona mkongwe anaambiwa "sivyo, rudia tena", woga unapungua wenyewe.

Kisha chukua filimbi. Jozi zilezile, mada ileile. Ikilia, wanabadilishana upande hata katikati ya sentensi. Mashindanoni upande hupangiwa, huchagui, kwa hiyo ni vema walionje hilo mapema wakiwa wanacheka.

Pia wazoeshe hoja za taarifa, yaani maswali mafupi ya kumkatiza msemaji. Kwenye mtindo wa mdahalo uitwao Bunge la Uingereza hotuba ni dakika 7, na isipokuwa dakika ya kwanza na ya mwisho, mpinzani anaweza kusimama kuomba kuuliza. Wapya wengi huona ni utovu wa adabu kumkatiza mtu. Basi mkongwe azungumzie jambo lolote kwa dakika mbili, wapya kazi yao iwe kusimama na kuomba nafasi tu, naye awakalishe apendavyo. Wakishakalishwa mara kadhaa wanaona kumbe hakuna anayeumia.

Mgeni Jukwaani
Mimi ni mwanachama mpya mahali fulani. Tafadhali Mlezi, msituite mbele mmoja mmoja kujitambulisha. Wakati wa zamu ya mwenzangu sikusikia hata jina lake, nilikuwa nikikariri langu.

Mlezi wa Klabu
Nimekusikia, hilo nalifuta. Msemaji wa Tatu, tutakuwa 11. Anayebaki nimfanyeje? Na zawadi je?

Msemaji wa Tatu
Akae na jozi mojawapo awe mwamuzi: ndiye atakayesema kama hoja imerudiwa sawasawa. Mwenye haya huipenda sana nafasi hiyo, ila mizunguko miwili ikipita mbadilishe, asije akajificha humo. Zawadi na alama acha kwanza. Ukihesabu washindi siku ya kwanza, wa zamani watacheza ili washinde, nasi tunataka wakae na wageni wao.