Apdeti ikibadilisha rangi za simu: tupeane uzoefu, wewe yalikukuta yapi?

Mtoto wa Mwisho Sio Mimi
Wakuu habari za muda huu. Juzi bi mkubwa kanipigia kwa simu ya jirani, ananiambia simu yake imefutika yote. Imefutikaje mama? "Kile kijani hakipo." Nikaenda. Kumbe simu ilijiapdeti usiku, asubuhi mdogo wangu akakuta kuna kitu kipya cha kufanya aikoni zote zivae rangi moja kufuatana na wolpepa, akakiwasha, eti inapendeza. Na inapendeza kweli, sikatai. Ila mama bila miwani hasomi jina la programu hata moja, yeye anajua kijani ni kupiga, bluu ni kule kwenye magrupu, basi. Sasa zote zimekuwa rangi ya udongo. Alikuwa anagusa moja moja kwa zamu akitafuta simu, nimekuta picha kumi na moja za dari na kidole gumba chake. Haya, leteni na zenu.

Fundi Bisibisi
Hahaha pole kwa mama. Mimi ni fundi simu, hizi kesi ninazo nyingi mno. Kuna mteja alikuja na simu anataka abadilishiwe kioo, anasema ikifika saa nne usiku kioo kinakufa rangi, kinakuwa kama tv ya zamani, asubuhi kinapona chenyewe. Nikamwambia dada kioo hakina saa. Kuingia kwenye Mipangilio nakuta hali ya wakati wa kulala imewashwa, ile inayotoa rangi zote ibaki nyeusi na nyeupe ili uchoke kuperuzi ulale. Android wanayo tangu toleo la 9, mwaka 2018. Nikaizima sekunde mbili, hakuamini, akanidai nifungue simu nimuonyeshe kioo ndani. Sikuchukua hela maana ningechukua ya nini.

Mzee wa Betri
Nyie vijana mmekuja juzi. Mngekuwepo 2013 Apple walipotoa iOS 7, mfumo wa kuendesha iPhone, ndo mngejua watu kulalamika ni nini, maana walitoka kwenye aikoni zenye vivuli na mng'ao, noti zina karatasi ya njano kama daftari la kweli, ghafla kila kitu bapa, cheupe, herufi nyembamba kama uzi na rangi za kuwaka utadhani peremende, watu wakasema macho yanauma, wengine kizunguzungu kwa jinsi wolpepa ilivyokuwa inacheza ukiinamisha simu, na kelele zile zilisaidia maana mwaka uliofuata kwenye 7.1 wakapunguza ukali wa ile kijani ya simu na meseji. Mwaka huohuo wa 2013 Android nao kwenye toleo lao la KitKat wakaondoa bluu kwenye alama za juu za mtandao wakaweka nyeupe. Sasa kuna watu ile bluu ilikuwa inawaambia kitu: ikiwa bluu umeungana na seva za Google, ikiwa kijivu hujaungana. Iliyobaki nyeupe haisemi kitu. Mimi kinachoniuma ni hicho, sio urembo. Rangi ilikuwa na kazi, wakaona ni pambo.

Sioni Nyekundu
Mzee hapo kwenye kazi umegusa penyewe. Mimi nyekundu na kijani kwangu ni ndugu, zote kama kahawia fulani hivi. Na sio mimi peke yangu, kwa wanaume ni kama mmoja kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi. Simu yangu ya zamani simu iliyokosa kupokelewa ilikuwa na mshale uliovunjika, naona umbo najua. Ikaja apdeti, mshale ukawa uleule kwa zote, tofauti ni rangi tu. Wiki nzima nawapigia watu "nimekuta missed call yako", wananishangaa, tumeongea nao dakika ishirini jana yake. Kilichoniokoa ni Mipangilio, Ufikivu, halafu Urekebishaji wa rangi. Mnaoona vizuri msiiwashe kuchezea mtadhani mmeharibu simu.

Kausha Damu
Mnalalamika sana. Wiki mbili tu mnazoea, apdeti ijayo mtalilia hizihizi.

Mama Pacha
Kausha Damu wewe ndo huna watoto. Mimi ile ya rangi kufuata wolpepa niliweka picha ya wanangu wamevaa sweta za kijani iliyofifia, simu nzima ikawa rangi ya bwawa, hadi vitufe vya namba. Nimebadilisha wolpepa, wanangu wananuna.

Usiku Mwema
Mimi ni mandhari meusi. Kila mtu aliniambia weka nyeusi inatunza betri, nikaweka, herufi nyeupe kwenye weusi naziona zina ukungu pembeni, nikisoma nusu saa kichwa kinagonga. Daktari wa macho akaniambia nina astigmatizimu, yaani umbo la jicho haliko sawa picha inakuja na ukungu, wengi wenye hiyo weusi unawasumbua. Halafu betri yenyewe wala, simu yangu ni ya kioo cha LCD, taa ya nyuma inawaka vilevile uweke nyeusi uweke nyeupe. Faida ipo kwenye vioo vya OLED, kule kila pikseli, yaani kila kinukta cha kioo, inawaka yenyewe, na ikiwa nyeusi inazimika kabisa. Nimerudi kwenye nyeupe, nimepunguza tu mwanga.

Mtoto wa Mwisho Sio Mimi
Asanteni wakuu. Mrejesho: nimezima ile ya aikoni, kijani cha mama kimerudi, na nimekishusha chini kabisa kwenye kona anapofikia kwa kidole gumba. Nikafuta na zile picha za dari. Leo asubuhi kanipigia mwenyewe, anauliza nani kafuta picha zake.