Mrejesho: Mshale wa temperecha kupanda kwenye foleni

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kwa nini Premio yenye injini ya 1NZ-FE mshale wa temperecha unapanda kwenye foleni, halafu unashuka gari likishika kasi. Wengi mlisema thermostati (vali inayoruhusu kulanti, yaani maji ya kupoza injini, kwenda kwenye rejeta). Siyo. Ikiganda imefungwa, gari linachemsha hata kwenye mwendo. Hapa ni feni: gari likikimbia, upepo wa mbele unapoza rejeta bila msaada wake.

Kipimo: chomoa soketi ya feni, ipe volti 12 moja kwa moja toka kwenye betri. Haikuzunguka mpaka iliposukumwa kwa kijiti. Maana yake brashi za mota zimelika. Imefungwa mota nyingine. Kifuniko cha rejeta nacho kimebadilishwa, mpira ulikuwa umepasuka, ndiyo maana kulanti ilipungua bila tone chini. Nunua chenye namba ileile (hiki 1.1, ni namba ya presha kinachofungukia).

Mliosema ning'oe thermostati kabisa, hapana: injini haifiki joto lake, inakula mafuta bure.

Hedi (kichwa cha injini) ni ya aluminiamu, inapinda haraka gari likichemsha. Injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa. Mapovu yasiyokoma, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya hedi (kiziba kati ya hedi na bloku) imekwenda. Hii yangu imesalimika.