Kumpeleka mtoto London kutazama mechi: nianzie wapi?

Kutoka: Mama wa mshabiki, Ujerumani

Habari zenu ndugu zangu, na shikamoo kwa wakubwa.

Mwanangu anatimiza miaka 12 mwezi wa nne. Tangu ana miaka mitano analala na jezi ya Arsenal, na nilimwahidi kwamba siku moja nitampeleka uwanja wa Emirates aione timu yake kwa macho. Ahadi ni deni, na hili nimelibeba miaka mitatu sasa.

Yeye ana pasi ya Ujerumani. Mimi natumia pasi ya nyumbani pamoja na kibali cha ukaazi, ambacho kinakwisha mwezi wa pili. Nimeshaomba kuongezewa, wamenipa ile karatasi ya muda. Baba yake anaishi nchi nyingine, lakini tunaelewana vizuri.

Nimepata ndege za bei nafuu kwa wikendi ya mechi, na kuna tovuti inauza tiketi mbili za viti vya pamoja. Nilikuwa nimeshashika kadi ya benki mkononi, shemeji akaniambia niulize kwanza kwa waliotangulia. Basi nauliza. Mimi mambo ya mpira siyajui, ila mtoto huyu namjua, na sitaki arudi analia.

Kutoka: Kaka yenu, Denmark

Dada, irudishe hiyo kadi kwenye pochi. Nitakueleza kwa urefu, unisamehe, maana jambo hili limenigusa mwenyewe.

Miaka kadhaa nyuma nilinunua tiketi kwenye tovuti kama hiyo yako. Sikuwa na wasiwasi wowote. Nilifika uwanjani saa nzima kabla ya kipyenga, skafu shingoni, nikaweka simu kwenye mashine ya geti. Taa nyekundu. Nikafuta kioo kwa mkono wa koti, nikaweka tena. Nyekundu. Msimamizi, kijana mpole kabisa, akanivuta pembeni, akatazama kifaa chake, akaniambia tiketi ile ni ya mwanachama ambaye akaunti yake imefungwa kwa ulanguzi. Pesa zangu zilikuwa zimeshakwenda, na wale wauzaji hawakujibu barua hata moja. Niliegemea ukuta wa nje muda wote wa kipindi cha kwanza. Goli lilipoingia nililisikia mgongoni, ukuta unatetemeka, na simu yangu ikachelewa karibu dakika nzima kuniambia nani kafunga. Nisingependa mtoto wa miaka 12 asimame pale.

Kwa hiyo la tiketi lielewe vizuri. England na Wales, kumuuzia mtu tiketi ya soka bila idhini ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1994. Si kanuni ya klabu tu. Tovuti inaweza kuonekana nzuri, yenye alama za usalama na nyota tano, na bado kinachouzwa ni kiti cha mtu mwingine ambacho klabu inaweza kukifuta wakati wowote. Njia halali ni kupitia klabu yenyewe: unajiunga uanachama, mtoto naye uanachama wa watoto, akaunti mnaziunganisha ili mkae pamoja, kisha mnaingia kwenye kura ya tiketi. Mkikosa kura, kuna soko rasmi la klabu ambako wenye viti vya msimu huviachia wasipoweza kwenda. Hapo inabidi uwe na subira, uingie asubuhi, mchana, na usiku kabla ya kulala. Viti viwili vya pamoja huonekana na kutoweka ndani ya dakika chache. Vipo pia vifurushi vya kiti pamoja na chakula, ghali zaidi, lakini ukinunua, nunua kwa muuzaji ambaye tovuti ya klabu inamtaja.

Sasa ndege. Ratiba ya Ligi Kuu ya England hutoka mwezi wa sita, na mechi nyingi za wikendi huandikwa Jumamosi saa 9:00 alasiri. Usiiamini saa hiyo. Uingereza haionyeshi moja kwa moja kwenye televisheni mechi za Jumamosi saa tisa, utaratibu wa miaka mingi wa kulinda mahudhurio ya klabu ndogo. Maana yake, mechi yoyote ambayo televisheni inaitaka lazima ihamishwe: Ijumaa usiku, Jumamosi saa 6:30 mchana au 11:30 jioni, Jumapili, hata Jumatatu saa 2:00 usiku. Na mechi za Arsenal televisheni inazitaka sana.

Tena mwezi wa nne ni mgumu kuliko yote. Ndipo ziliko nusu fainali za Kombe la FA, na mashindano ya Ulaya yanaingia hatua za mwisho. Timu ikiendelea huko, mechi yake ya ligi inasogezwa, pengine katikati ya wiki. Ukinunua ndege leo kwa Jumamosi, unaweza kuwa umerudi nyumbani Jumapili jioni wakati mechi ndiyo kwanza inakuja kesho yake.

Mimi sasa nafanya hivi: nasubiri klabu itangaze tarehe iliyothibitishwa baada ya televisheni kuchagua, ndipo nakata ndege. Naingia siku moja kabla, natoka siku moja baada. Nauli inapanda kidogo, ni kweli. Bado ni nafuu kuliko kununua mara mbili.

Mwisho viza, maana Uingereza haimo Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zisizokaguana pasi mipakani, na kibali chako cha Ujerumani hakikuingizi. Utahitaji viza ya mgeni. Unaweza kuomba mapema kabisa miezi mitatu kabla ya safari, na kwa kawaida jibu huja ndani ya wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Hapa ndipo wengi wanakosea mpangilio: wanangoja tarehe ya mechi ithibitishwe ndipo waombe, muda unawaishia. Viza hiyo ya kawaida huwa ya miezi sita. Ombi linahitaji tarehe unayokusudia kusafiri, lakini ukishaipata, mechi ikihama wiki moja viza bado ni halali. Omba viza mapema, tiketi ifuate, ndege iwe ya mwisho. Ndege iliyolipiwa si sharti la ombi. Wanachotazama ni kama una sababu ya kurudi: mkataba wa kazi, hati za mshahara, taarifa za benki, barua ya mwajiri inayosema umepewa likizo na unategemewa kazini tarehe fulani.

Kutoka: Mzee wenu, Ujerumani

Marahaba, mwanangu.

Kaka yako kaeleza vizuri, lakini kuna kitu kimoja kimenishtua kwenye barua yako: ile karatasi ya muda. Nenda kaichukue sasa hivi, uifungue ndani penye visanduku. Kama kilichowekwa alama ni cha kifungu cha 81 aya ya 4 cha sheria ya ukaazi, kibali chako cha zamani kinahesabika kuwa kinaendelea, na unaweza kutoka na kurudi ukiwa na pasi, kadi ya zamani na karatasi hiyo, vyote vitatu pamoja. Kama alama iko kwenye aya ya 3, usitoke. Inakuruhusu kukaa ndani ya nchi, haikupi haki ya kurudi ukishatoka.

Hata ukiwa na aya ya 4, ushauri wangu ni usubiri kadi mpya kama muda unaruhusu. Mfanyakazi wa ndege anayekagua hati pale uwanja wa ndege wa London huenda hajawahi kuiona karatasi ya namna hiyo, na hapo utakuwa unabishana naye huku mtoto amekushika mkono na geti linafungwa. Vilevile ofisa wa viza ataliona ombi lako likiwa na kibali kilichokwisha. Si kwamba atakataa, lakini unampa swali la kujiuliza. Waandikie ofisi ya wageni, waambie una safari, uliza kadi itatoka lini. Na ukirudi, rudi moja kwa moja Ujerumani, usipitie nchi nyingine.

Kutoka: Dada yenu, Ubelgiji

Mimi niongeze la mtoto tu.

Kwa kuwa ana pasi ya Ujerumani haombi viza, lakini tangu tarehe 2 Aprili 2025 raia wa nchi za Ulaya nao wanahitaji idhini ya kielektroniki, inaitwa ETA. Kila mtu na yake, hata mtoto mchanga. Inaombwa kwenye simu, na wengi hujibiwa upesi, ila wenyewe wanasema uache siku tatu za kazi. Imefungwa kwenye pasi ile ile uliyoombea, kwa hiyo kama pasi yake inakaribia kwisha, badilisha pasi kwanza. Kitambulisho cha Ujerumani peke yake hakitoshi kuingilia Uingereza tangu Oktoba 2021.

Jina lako la ukoo na lake ni moja? Langu na la binti yangu ni tofauti, na tulisimamishwa mpakani. Ofisa hakuwa mkali. Alichuchumaa akamuuliza binti, "Huyu ni nani yako?" Binti akaona haya, akanyamaza, akajificha nyuma ya koti langu. Zile sekunde zilikuwa ndefu. Kilichotuokoa ni cheti cha kuzaliwa nilichokuwa nacho mkobani. Beba cheti, na baba yake aandike barua ya ridhaa yenye tarehe za safari, namba yake ya simu, na nakala ya pasi yake. Tarehe ziwe pana kidogo, kwa sababu hiyo ya mechi kuhamahama.

Kutoka: Mwenyeji wenu, London

Karibuni sana. Nitasema machache ya siku yenyewe.

Begi lisizidi ukubwa wa karatasi ya A4, la sivyo mtazuiwa. Tiketi zipakue kwenye simu mkiwa bado hotelini, maana watu 60,000 wakiwa sehemu moja mtandao unakuwa mzito. Betri ijae. Kama mechi ni Jumapili, angalia treni mapema: siku hiyo ndiyo wanayofunga vipande vya reli kwa matengenezo.

Kituo cha treni za chini kilicho karibu kinaitwa Arsenal, na kabla ya 1932 kiliitwa Gillespie Road. Mwambie kijana atazame ukutani akishuka: vigae vyenye jina la zamani bado vipo. Kutoka hapo si mbali kufika Avenell Road, ambako ukuta wa mbele wa jukwaa la mashariki la uwanja wa zamani wa Highbury umeachwa kama ulivyokuwa, ndani sasa ni nyumba za watu. Klabu ilihama mwaka 2006. Fikeni mapema mpite huko kwanza. Kwa mtoto anayeipenda timu kiasi hicho, matembezi hayo ni nusu ya safari. Mechi ikiisha usipange foleni kituo hicho hicho, inakuwa ndefu mno. Tembeeni na umati hadi Finsbury Park.

Mtu akikuambia, "Emirates pagumu, nunua mechi ya Arsenal ugenini," kataa. Tiketi za wageni ni chache, wanapewa wanachama waliosafiri na timu mara nyingi. Utakachopata ni kiti katikati ya washabiki wa wenyeji, na mtoto mwenye jezi ya Arsenal hapo atatolewa nje. Goli likiingia atashangilia tu, utamzuiaje?

Na kama kura itagoma kabisa, kuna timu ya wanawake. Msimu wa 2025/26 mechi zao zote za nyumbani za ligi zilipangwa Emirates hapo hapo, na tiketi zinapatikana kwa urahisi zaidi. Hawa ndio mabingwa wa Ulaya wa 2025. Mimi huwapeleka wanangu. Wanakaa karibu na uwanja kiasi cha kusikia wachezaji wakiitana majina.

Kutoka: Mama wa mshabiki, Ujerumani

Ndugu zangu, nimesoma kila neno, nyingine mara mbili. Mungu awabariki.

Mzee, nilikimbilia kabatini kabla sijamaliza barua yako. Ni aya ya 4. Hata hivyo nimekusikia, nimeshawaandikia ofisi ya wageni, na sitajaza ombi la viza hadi kadi mpya iwe mkononi. Ile tovuti nimeifunga. Nimetulipia uanachama wote wawili na nimeunganisha akaunti.

Jana jioni nilimkalisha kijana nikamweleza kwamba huenda isiwe siku yake ya kuzaliwa kamili, na huenda ikawa timu ya wanawake. Nilidhani atanuna. Akaniuliza kama wanawake wanavaa jezi ile ile. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi sawa, halafu akaenda kutafuta picha za vile vigae vya Gillespie Road.

Baba yake anaandika barua wiki hii. Dada wa Ubelgiji, majina yetu ni tofauti pia, kwa hiyo cheti nimeshakitia kwenye bahasha.

Limebaki moja. Siku ya kutoa alama za vidole, mtoto ambaye haombi viza anaruhusiwa kuingia nami kituoni, au nimtafutie mtu wa kukaa naye? Siku waliyonipendekezea ni ya shule kufungwa, na sina wa kumwachia.