Mtutu umeinama hadi kwenye nyasi, halafu naambiwa mikono yangu inatetemeka!

Wakuu, naandika nikiwa bado nimewaka. Huyu bwana nyote mnamjua, kwa hiyo sina haja ya kumtaja: ndiye yule asiyekosekana kwenye mstari wa kufyatulia risasi, ambaye haulizwi lakini anajibu, na akishajibu hakuna mwenye ruhusa ya kuendelea kuishi kwa maoni tofauti. Leo, mbele ya uwanja mzima, ametamka kwa sauti iliyofika hadi kwenye mabango ya shabaha kwamba tripodi yangu, yaani stendi ya miguu mitatu ninayowekea bunduki, haina tatizo lolote, ila mikono yangu ndiyo inayotetemeka.

Naomba mlielewe tukio lenyewe. Bunduki ilikuwa imebanwa juu ya tripodi, bolti ikiwa wazi na chemba tupu, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika daftari na kalamu, nikiandika makadirio ya upepo. Kichwa cha gololi, yaani tufe la juu ya tripodi linalozunguka na kukazwa ili kuishika bunduki, kikaanza kuteleza chenyewe, taratibu. Mtutu ukainama kidogo, ukatulia kana kwamba unafikiri, kisha ukaendelea kuinama hadi ukaelekea kwenye nyasi zilizo mbele ya viatu vyangu. Hakuna binadamu aliyeigusa bunduki ile. Ndipo yeye akakunja mikono kifuani na kusema kwamba mikono yangu inatetemeka. Mikono ipi? Iliyoshika daftari?

Kinachonichoma zaidi ni kwamba tripodi ile ni ushauri wake mwenyewe. Nilipomuuliza kuhusu uimara alijibu, "Tripodi ni tripodi tu," akanionyesha lebo iliyoandikwa kwamba inabeba kilo 20, na kwa kuwa bunduki yangu ni kilo 9, akasema nimebakiwa na akiba ya kutosha wajukuu. Lebo hiyo haisemi anachodhani inasema. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, na mara nyingi namba hiyo hueleza mzigo ambao miguu itaubeba ukiwa umetulia wima juu yake, si namna tripodi itakavyojikaza ikisukumwa kwa ubavu au ikipigwa na teke la bunduki. Isitoshe, bunduki ni ndefu. Kitovu chake cha uzito kikikaa sentimita 10 tu mbele ya gololi, kilo 9 hizo huacha kuikandamiza gololi tu na huanza kuizungusha kwa nguvu ya takriban nyutoni-mita 9, saa nzima, bila kupumzika. Gololi ndogo yenye kifungo hafifu itasalimu amri, iwe mikono ya mwenye bunduki imeshika daftari au imeshika mbingu.

Miguu nayo ni msiba wa peke yake. Ina vipande vinne, na kila kipande kinachochomoka ni chembamba kuliko kilichotangulia, kiasi kwamba ukifika chini kabisa unakuta kitu ambacho kalamu yangu ingekidharau. Bomba la milimita 32 lina ukakamavu wa zaidi ya mara mbili ya bomba la milimita 24 la nyenzo ileile na lenye ukuta wa unene uleule. Hilo si suala la maoni, na ndiyo sababu wanaojali huchagua vipande vitatu vinene badala ya vinne vyembamba, hata kama tripodi itakuwa ndefu zaidi ikikunjwa. Yeye alinishauri nipandishe na nguzo ya kati ili nisiiname! Nguzo ya kati ni kijiti kimoja kilichosimamishwa juu ya miguu mitatu, na huharibu kila kitu ambacho miguu hiyo ilijitahidi kukituliza.

Wala tusiseme kwamba mtikisiko mdogo hauna madhara. Ncha ya mbele ikisogea nusu milimita katika urefu wa nusu mita, hiyo ni milradi moja, na milradi moja ni mita nzima katika umbali wa mita 1,000. Nilipoiondoa bunduki nikaweka darubini ya kuangalizia na kukuza mara 60, upepo mdogo tu ulitosha kulifanya bango la shabaha licheze ngoma. Niliugonga mguu mmoja kwa kidole nikiwa nachungulia, na picha ikaendelea kutikisika kwa muda ambao mtu angeweza kupiga, kukosa na kupakia risasi nyingine. Nikageuka kumwonyesha, naye akarudia, mbele ya watu walewale, kwamba ni mikono. Daftari lilikuwa bado mkononi, wakuu. Daftari!

JichoKali: Pole sana, mkuu. Nilikuwepo na nilishuhudia. Mtutu ulishuka kwa heshima zote, hakuna aliyeugusa, na kila mtu alinyamaza kwa sababu anamwogopa yule bwana. Aliwahi kuniambia mimi kwamba miguu ya nyuzi za kaboni ni ulimbwende, ilhali kaboni ni nyepesi kuliko alumini na kwa kawaida huzima mtikisiko mapema zaidi.

Mtutu_Mrefu: Samahani, ndugu, lakini mtu mzima anawezaje kuifunga bunduki ya kilo 9 juu ya gololi bila kwanza kuining'inia kwa mikono na kuona kama inateleza? Unalaumu lebo, unamlaumu bwana, unailaumu nguzo. Ungeondoa nguzo, ungesimamisha miguu, ungeegemea juu yake kwa kifua, na ukweli ungejidhihirisha kabla uwanja mzima haujakusanyika. Malalamiko yako ni marefu kuliko mguu wa tripodi yenyewe.

Mwenye uzi: Mtutu_Mrefu, sijafungua uzi huu ili nifundishwe kuegemea. Swali ni moja tu na bado halijajibiwa: mikono iliyoshika daftari inatetemeshaje bunduki ambayo haijaguswa? Jibu hilo kwanza.

Gololi55: Tatizo lako si gololi, mkuu, ni udogo wa gololi. Gololi ya milimita 55 yenye kifungo kizuri huibeba bunduki ya mashindano bila kelele, na mimi natumia hiyo bila wasiwasi. Kwa darubini, hata hivyo, gololi ni adhabu, kwa sababu ukiilegeza ili uhame shabaha, darubini inaanguka pande zote kwa pamoja. Kwa kazi hiyo tafuta kichwa cha kugeuza pande mbili chenye mafuta ndani, cha aina inayotumiwa na wapiga video, ili uweze kufuata mstari wa hewa iliyovurugwa na risasi hadi inapotua. Waangalizi wengi wanaolalamika kwamba hawajawahi kuuona mstari huo hawana ubovu wa macho. Darubini yao tu ndiyo haijawahi kutulia.

Upepo_wa_Kushoto: Nakubaliana na Gololi55, lakini mbona hakuna anayezungumzia nyayo? Mimi nimechoshwa na hawa wanaotuuzia nyayo za mpira kwa kila ardhi. Juu ya zege mpira unafaa. Juu ya udongo na changarawe unahitaji misumari ya chuma, la sivyo kila teke la bunduki linaisogeza tripodi nyuma kidogo na unaanza kuitafuta shabaha upya. Halafu kuna wanaoning'iniza begi chini ya tripodi wakidhani wameiimarisha, kumbe begi linapepea kwa upepo na linakuwa mtikisiko mpya. Ligusishe ardhi, au uliache nyumbani.

JichoKali: Na mchanga je? Vifungo vya kuzungusha, vile vinavyokaza vipande vya miguu, vikiingia mchanga hukwaruza hadi meno yanauma. Mwenzangu mmoja havisafishi kabisa, kisha anaazima tripodi yangu.

Mwenye uzi: Wakuu, tafadhali turudi kwenye hoja. Alisema *mikono*. Mbele ya uwanja mzima.

Mtutu_Mrefu: Tumekusikia, ndugu. Sasa niambieni, kwa nini uwanja mzima unaweka mguu mmoja mbele ukielekea kwenye shabaha? Ukipiga ukiwa umesimama na unataka kuegemea mbele, weka miguu miwili mbele ili izuie uzito wako, na mmoja uje kwako.

Upepo_wa_Kushoto: Huo ndio upotoshaji unaoharibu wapiga shabaha wachanga. Mguu mmoja ukiuelekeza kwenye shabaha unakupa mahali pa kusimama katikati ya miwili ya nyuma, na unaegemea moja kwa moja juu ya ule wa mbele. Ukileta mguu mmoja kwako, utaupiga teke kila unapohama.

Mtutu_Mrefu: Mimi sijawahi kuupiga teke.

Upepo_wa_Kushoto: Kwa sababu hujawahi kuhama. Unapiga shabaha moja na kurudi kukaa.

Gololi55: Acheni miguu kwanza, kuna dhuluma kubwa zaidi. Reli za Arca, vile vipande vya chini ya bunduki vinavyobanwa na kibano cha kichwa cha tripodi, zinasemwa kuwa ni za mfumo mmoja, lakini watengenezaji hawalingani hadi sehemu ya milimita, na vibano vingi vya wenzo havina pa kurekebisha. Nina kibano ambacho kwenye reli moja hakifungi hata nikikisukuma kwa goti, na kwenye nyingine kinafunga halafu bunduki inacheza kushoto na kulia. Cha skrubu kinachelewa kufunga, lakini angalau kinabana reli yoyote. Anayejua kibano cha wenzo kinachorekebishika aseme, maana nimechoka kufunga bunduki na kuifungua nikiwa sijui kama imeshika au inanidanganya.

JichoKali: Changu kinarekebishika kwa skrubu ndogo ya pembeni, ila skrubu yenyewe hulegea baada ya risasi kadhaa. Nilimlalamikia aliyeniuzia, akaniambia nimeikaza vibaya.

Upepo_wa_Kushoto: Hivi naye si ni yuleyule bwana?