Wakuu naombeni ushauri, UE ya kwanza ya fizikia ni wiki ijayo na nikisoma hakuna kinachoingia

mwana_wa_makorora
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa kwanza chuo hapa Tanga, wiki ijayo tunaanza UE, mitihani ya mwisho wa muhula, na ya kwanza kabisa ni fizikia, mekaniksi. Nakesha, madesa nimeyarudia mpaka karatasi zimelegea, past pepa majibu yake yote nayajua kwa kichwa, ila nikikutana na swali jipya mkono unaganda. Nisomeje? Chakula chenyewe hakipiti.

Shangazi Chumbageni
Pole mwanangu. Kwanza ulale. Wangu alikesha kwa kahawa, kwenye mtihani akasinzia mpaka msimamizi akamgonga bega. Na simu weka mbali, mnasema mnasoma kumbe mko TikTok.

Bumu Limekata
Mimi nilibeti topiki, nikaacha rotesheni na graviti, zikatoka hizohizo 😂 nikalamba sapu, mtihani wa marudio, likizo wenzangu wako makwao mimi niko geto nakula ugali na dagaa. Ila kwenye diskasheni za sapu ndo nikampata mama watoto, so siwezi kulalamika sana.

Winchi Bandarini
Dogo, ulisoma kombi gani? Na koswek, alama za kabla ya UE, una ngapi?

mwana_wa_makorora
Mkuu hayo hayahusiani, mi nimeuliza namna ya kusoma tu.

Winchi Bandarini
Yanahusiana sana. Mwenye 30 na mwenye 12 hawasomi sawa wiki hii.

mwana_wa_makorora
Haya. Nilisoma PCB (fizikia, kemia, baiolojia), hesabu niliishia BAM, ile ya msingi. Koswek 14 kati ya 40. Halafu kuna kitu sikusema, kuna jamaa anaweza kunipatia ED ya hospitali, karatasi ya kuonyesha naumwa, na advansi nimeshampa, niahirishe huu mtihani nije nifanye kipindi cha sapu nikiwa nimejipanga. Sio kwamba nakimbia, nataka muda tu. Na kuna wenzangu walifanya hivyo hakuna aliyeguswa.

Shangazi Chumbageni
Astaghfirullah! Hiyo ni kughushi mwanangu, na kughushi ni jinai. Wazazi wako huko Muheza wanauza machungwa upate ada, wewe unanunua ugonjwa?

mwana_wa_makorora
Shangazi kwetu sio Muheza. Na mzee alisema nikidisko, yaani nikiondolewa chuo kwa kufeli, nisirudi nyumbani, ndo maana.

Mzee wa Ushahidi
Chai hii, hadithi ya kutunga. Akaunti hiihii juzi kati iliomba ushauri wa kununua bajaji ya mkopo, leo imekuwa mwanafunzi wa fizikia. Mnapoteza bando zenu.

Bumu Limekata
Leteni vitumbua basi.

mwana_wa_makorora
Bajaji ni ya bro, tulikuwa tunatumia simu moja. Sina cha kufaidika kudanganya hapa.

Winchi Bandarini
Subirini. Dogo jibu hili fasta, usigoogle. Winchi inapandisha kontena la kilo 10,000, spidi haibadiliki. Tensheni (mvutano) kwenye waya ni kubwa kuliko uzito wa kontena, ni sawa, au ni ndogo? Na kwa nini?

mwana_wa_makorora
Kubwa. Isipokuwa kubwa litapandaje?

Winchi Bandarini
Mi nimemwamini. Mtunga chai angeenda kutafuta jibu akaja nalo sahihi. Hapo wanateleza wengi sana wanaoanza mekaniksi. Spidi haibadiliki na linapanda wima, maana yake akselaresheni ni sifuri, nguvu zinafutana, tensheni ni sawasawa na uzito, 98,000 N ukichukua g ni 9.8. Inazidi pale tu linapoongeza mwendo, mfano akselaresheni ya 0.5 kwenda juu inakuwa 103,000. Sasa ona, umekariri past pepa zote na hili halijakaa. ED itakupa muda wa kukariri zaidi, basi.

Ticha Ngamiani
Naunga mkono. Roediger na Karpicke, Marekani, 2006, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wakipimwa baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walifanya vizuri kuliko waliojipima kwa kukumbuka, baada ya wiki moja ikawa kinyume chake. Kurudia desa kunakudanganya kwamba umeelewa, huwezi kujua kuogelea kwa kukaa Raskazone unaangalia maji. Funika majibu. Chora kitu kimoja peke yake, weka mshale wa kila nguvu inayokigusa pamoja na uzito, chagua mihimili, andika F=ma (nguvu ni masi mara akselaresheni) kila mhimili, tembea na herufi mpaka mwisho ndo uweke namba, halafu angalia yuniti. Ukikwama chungulia mstari mmoja, funika, endelea, na kesho yake swali hilohilo ulirudie karatasi tupu. Usimalize topiki moja yote ndo uhamie nyingine, changanya. Rotesheni usiiache maana torki (nguvu ya kuzungusha) ni I (ugumu wa kitu kuzungushwa) mara alfa (akselaresheni ya mzunguko), umbo lilelile la F=ma. Kalkulasi usiogope, difrensiesheni na integresheni rahisi ulizipitia kwenye BAM. Na kama pasi kwenu ni 40 unahitaji 26 kati ya 60, hiyo inapatikana.

Mzee wa Ushahidi
Bado nasema chai, ila hii ya winchi nimeisevu, mdogo wangu yuko form six.

mwana_wa_makorora
Asanteni wakuu. ED sijaitoa kichwani kabisa, siwadanganyi, na jamaa hela harudishi. Ila nimefunika majibu nimeanza. Boksi linavutwa kupanda mteremko, linateleza. Msuguano nauchora kwenda juu au chini?

Shangazi Chumbageni
Hiyo hela ihesabu sadaka.

Winchi Bandarini
Linateleza kwenda wapi? Juu. Basi msuguano chini, sambamba na mteremko. Uzito uchore wima kabisa, usiulaze. Piga picha mchoro uweke hapa.